Kuvalisha fosfa koti la silika kabla unyevu haujaiua

Kwanza tusichanganye mambo, fosfa sio fosforasi ya mbolea, ni ule unga unaotoa mwanga kwenye skrini na taa. Shida yake unazeeka. Kwenye tivi za plazma bluu ndo ilikuwa inachoka mapema, Eu2+ iliyomo (ioni za yuropiamu, ndo zinazotoa mwanga) ikipikwa hewani kama digrii 500 baadhi yake inageuka Eu3+ na bluu inafifia. Strontiamu aluminati, ule unga unaong'aa gizani, yenyewe inauliwa na maji tu, tuanze na hiyo maana kuipima ni rahisi.

Chukua unga gramu 10, ethanoli safi mililita 150, maji mililita 5, amonia ya asilimia 25 mililita 3. Ndio, maji ndo adui na bado unayahitaji, bila maji TEOS (kimiminika chenye silikoni tunachotengenezea koti) haigeuki silika, yani kitu kama kioo, hivo unga uweke mwisho kabisa. Usikoroge kwa sumaku, inasaga chembe alafu zinavunjika zikiwa zishapakwa, tumia mota yenye pangaboi dogo linaloshuka toka juu. Vaa glovu na miwani, na ufanyie kwenye kabati la maabara linalovuta hewa, amonia haina utani.

Sasa TEOS, hapa ndo wengi tunaharibu. Chembe za maikromita 5, gramu 10 zina eneo kama mita za mraba 3, kwa hiyo koti la nanomita 30 linataka TEOS kama mililita 0.7 tu! Mimi mara ya kwanza nilimimina mililita 5 kwa mpigo, nikapata wingu jeupe kama maji ya kuoshea mchele, silika imejitengenezea vigololi vyake huko juu na unga chini uko uchi vilevile. Hiyo TEOS mililita 0.7 ichanganye na ethanoli mililita 20, dondosha tone tone kwa masaa mawili, alafu acha ikoroge usiku kucha. Suuza na ethanoli mara tatu, kausha digrii 110.

Kupima: kijiko cha uliopakwa na kijiko cha usiopakwa, kila kimoja na glasi yake ya maji, kesho yake chovya karatasi ya pH. Usiopakwa karatasi inakuwa bluu nzito, na gizani umefifia. Uliopakwa nao ukifanya hivo, koti lina matobo, rudia.

Ila kwa fosfa za tivi za plazma usitumie silika, inameza mionzi ya nanomita 147 inayoziwasha kabla haijafika kwenye fosfa, huko tafuta magnesiamu floraidi.