Kwenda kuiona ngome ya Mkama Ndume, Pujini

Ukifika Pemba usikimbilie bichi tu, nenda Pujini. Ni kama kilomita 10 kusini mashariki ya Chake Chake, chukua bodaboda au kodi baskeli, na mkubaliane kabisa na dereva kuwa anakusubiri maana kupata usafiri wa kurudi ni kazi. Nenda asubuhi, vaa viatu vya kufunika kwani majani ni marefu, na masika njia inateleza sana.

Ukifika salimia wenyeji kwanza, mwombe mtu akuongoze, mpe chochote, maana bila yeye utaona vichaka na mawe basi. Mwambie akuoneshe boma la udongo lililozunguka, ngome hii ni ya karne ya 15 na wazee wanasimulia Mkama Ndume, mtawala wa hapa enzi hizo, aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio, ukali gani ule jamani! Halafu kisima, kina ukuta katikati, inasemekana ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji. Kaa hapo, chungulia taratibu, kingo si za kuamini. Kuna na chumba cha chini ya ardhi, watafiti walikuta humo siwa, ile pembe ya kupuliza ya watawala, imechongwa kwenye plasta, mimi ndo napapenda kuliko pote.

Kuta usizipande, mawe usichukue. Maji beba yako.