Kabla Hujafunga Mashine: Mambo ya Kuzingatia Unapobandika Beji kwa Joto

Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, kazi za beji hapa Mombasa humiminika. Mzazi anataka shati na sweta kesho asubuhi, fundi naye anakimbilia hiti presi, yaani mashine ya kubana beji kwenye nguo kwa joto. Haraka hiyo ndiyo inayoharibu nguo za watu. Nguo ikishaungua haina dawa, kwa hivyo maamuzi yote yafanywe ikiwa bado mezani.

Anza na kitambaa. Soma lebo ya ndani. Ukikuta imekatwa, kama ilivyo kwa mitumba mingi ya soko la Kongowea, chomoa nyuzi mbili kwenye pindo la ndani uziwashe kwa kibiriti, mbali na nguo. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu. Pamba huvumilia nyuzijoto 150 hadi 160 bila wasiwasi. Poliesta ni ya kuhofia, hasa ile nyekundu au ya buluu iliyokoza: joto likizidi, rangi ya nguo hupanda kwenye beji, na beji nyeupe uliyomkabidhi mteja ikiwa safi huanza kugeuka ya waridi baadaye. Kwa nguo hizo tafuta beji yenye gundi ya joto la chini, uanzie nyuzijoto 130. Sweta za akriliki nazo hulala manyoya zikabaki na alama ya mraba inayong'aa, haifutiki hata ukifua. Hizo mimi nashona tu. Koti la mvua pia lishonwe, kwa sababu gundi haishiki vizuri juu ya mipako ya kuzuia maji.

Geuza beji uitazame mgongoni. Yenye gundi ina utando unaong'aa. Isiyo na gundi utaona nyuzi za tarizi zenyewe. Muulize aliyekuuzia inataka joto gani na sekunde ngapi, maana gundi hazifanani. Agiza mbili za ziada kwa ajili ya majaribio.

Halafu kuna unyevu, na hapa kwetu pwani hili si dogo. Nguo iliyotundikwa dukani usiku kucha hunywa unyevu hata kama mkono hauusikii. Bana nguo peke yake sekunde 3 hadi 5, fungua, tazama mvuke. Ukiona bado unapanda, rudia. Mvuke ukibaki chini ya beji huisukuma gundi, na kingo ndizo zinazoachia kwanza. Nguo iliyofuliwa kwa dawa ya kulainisha ifuliwe tena kwa sabuni ya kawaida, kwani dawa hiyo huacha utelezi usioshikamana na gundi.

Hakikisha sahani, lile bamba la moto la mashine, inakutana na beji peke yake. Vifungo, zipu na mishono huinua sahani, beji ikabanwa upande mmoja. Kwa beji ya mfukoni, tia ndani ya mfuko kipande cha sponji inayostahimili joto, kiwe kidogo kuliko mfuko, ili mishono ibaki nje ya mbano. Juu weka karatasi ya kuokea au shiti ya tefloni. Tarizi nene huzuia joto lisifike kwenye gundi, kwa hivyo ukishabana mbele, pindua nguo ubane tena kwa ndani.

Stima: mashine ya sentimita 38 kwa 38 inaweza kula wati 1,800, yaani ampea 7.5 kwenye volti 240. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba inayogawana na pasi na feni. Gusa plagi baada ya robo saa; ikiwa ya moto, zima. Stima ikikatika katikati ya kazi, inua kishikio papo hapo, maana sahani bado ina moto na hakuna king'ora kitakachokuita.

Kisha jaribu kwenye kitambaa cha aina ileile. Acha kipoe kabisa, ndipo utie ukucha kwenye kona ya beji. Ikiinuka, ongeza mbano au sekunde chache kabla ya kuongeza joto. Sare za watoto wadogo, zinazosuguliwa kwa mikono kila jioni, napendelea kuzipitisha cherehani pembeni hata gundi ikiwa imeshika. Na unapomkabidhi mteja nguo, mwambie asiifue kabla ya saa 24.