SOMO: Kutotolesha mayai ya bata nyumbani (usitupe mayai siku ya 28 kabla hujajua bata wako ni wa aina gani)

Habari zenu wakuu. Kila wiki naona mtu analalamika mayai ya bata yamemgomea kwenye mashine, na ukimuuliza vizuri unakuta kafuata ratiba ya kuku, au siku zilivyofika 28 akaona kimya akatupa yote. Kwa hiyo naanza na hilo.

Bata wetu wengi wa uswahilini, wale wenye nyama nyekundu yenye vinundu usoni, dume lake kubwa halipigi kelele linahema hema tu, mayai yao ni siku 35. Narudia, 35. Bata weupe wenye mdomo wa njano (Pekin) na wale wa kahawia wa mayai (Khaki Campbell) ndio siku 28. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa mayai 11 siku ya 30 nikajua ni viza, nikapasua moja pale shimoni nikakuta kifaranga ana manyoya yake kamili na mguu unacheza. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, na ndo maana naandika hili somo.

Hatua ya 1, mayai. Dume 1 kwa majike 4 au 5, ukizidisha majike unakusanya mayai yasiyo na mbegu. Bata anataga alfajiri, okota mapema kabla hajayakanyagia tope. Chagua safi yasiyo na ufa, la tope zito kula, usilioshe ukaliweka kwenye mashine maana unasukumia vijidudu ndani ya ganda. Yaweke sehemu yenye ubaridi (sio friji), ncha ikiwa chini, yasizidi siku 7.

Hatua ya 2, mashine. Iwashe siku moja kabla itulie. Yenye feni ni nyuzi 37.5, isiyo na feni iwe 38 na kidogo, na kipimajoto kikae usawa wa juu ya mayai, usiweke chini sakafuni kwake kitakudanganya. Unyevu asilimia 55 mpaka 60. Trei za kuku mayai ya bata hayakai vizuri, yalaze tu ubavu.

Hatua ya 3, kugeuza. Angalau mara 3 kwa siku, 5 ni bora zaidi. Chora X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, usitumie maka peni.

Hatua ya 4, kumulika. Siku ya 7 usiku zima taa, weka tochi ya simu kwenye kitako cha yai. Lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui, ukitulia unaona lile doa linacheza. Likiwa jeupe tupu halina mbegu. Ukiona duara la damu kama pete, kiumbe alishakufa, toa haraka kabla halijaoza likapasukia wenzake. Rudia siku ya 14.

Hatua ya 5, hii ndo wengi wanairuka. Bata mama akitoka kula anaenda kwenye maji anarudi na manyoya yamelowa anayalalia hivyohivyo, na wewe mwigize. Kuanzia siku ya 10 fungua mashine mara moja kwa siku dakika 10 mpaka 15, yapulizie maji ya uvuguvugu kidogo alafu funga.

Hatua ya 6, siku 3 za mwisho, yaani kuanzia siku ya 25 kwa wale wa 28 na siku ya 32 kwa wale wa 35. Acha kugeuza, acha kupulizia, pandisha unyevu ufike 70 hadi 75, na usifungue tena. Kifaranga akishatoboa tundu la kwanza anaweza kukaa masaa 24 mpaka 48 ndo atoke, anapumzika huku anamalizia kufyonza kiini na damu ya kwenye utando.

Wakitoka waache wakauke humohumo, kisha wapeleke kwenye maranda na balbu, joto nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, unapunguza kidogo kila wiki. Maji yawe ya kutosha kuzamisha pua lakini sio kuogelea, hawana mama wa kuwapaka mafuta, watalowa wafe baridi.

MASWALI

Swali: Mkuu huku kwetu umeme unakatika hata masaa 5, nifanyeje?
Jibu: Usifungue mashine ovyo kaka. Funika na blanketi ila matundu ya hewa yaache wazi, fungua mara moja tu kuingiza chupa za maji ya moto pembeni zisiguse mayai. Masaa machache wanavumilia, kinachoua haraka ni joto kupitiliza, kwa hiyo umeme ukirudi kaa hapo uangalie.

Swali: Naweza kumlalishia kuku wa kienyeji?
Jibu: Ndio dada, mayai 6 hadi 8 tu maana ni makubwa. Ya siku 28 kuku mvumilivu anamaliza, ya siku 35 wengi wanachoka wanayaacha. Nyunyizia maji na wewe, na umsaidie kuyageuza.

Swali: Bibi yangu hua anayatumbukiza kwenye maji kujua lipi zima, ni sawa?
Jibu: Shikamoo yake bibi, ila kama kifaranga ameshatoboa hata kitundu kidogo maji yanaingia anakufa. Tumia tochi.

Swali: Kuna mmoja katoboa jana saa mbili usiku mpaka sasa saa kumi jioni hajatoka, nimmenyee ganda?
Jibu: Hapana ndugu yangu, hayo ni masaa 20 tu. Ukimmenya sasa hivi utakata mishipa yenye damu. Sogeza sikio kwenye mashine bila kufungua, ukimsikia analia lia na kugonga yuko sawa. Angalia bakuli la maji la ndani kama halijakauka, likikauka ongeza ya uvuguvugu kwa bomba la sindano kupitia tundu la hewa, kesho jioni tuambie.