Somo: Kuwasha seva yako ya wavuti kwenye mashine ya pamoja bila kuwa admini

Wakuu, wengi wetu hapa Dar tuna akaunti kwenye mashine ya chuo au ya ofisi. Tunaingia kwa SSH (njia ya kuiendesha mashine ukiwa mbali), ila `sudo` (amri ya kufanya kazi kama admini) hatuna. Seva ya wavuti inawezekana bila kumpigia admini magoti. Soma kwanza masharti ya matumizi. Kama yanakataza, somo linaishia hapo.

1. Chagua poti, yaani namba ya mlango ambao seva itasikiliza. Kwa kawaida Linux haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua poti iliyo chini ya 1024, kwa hiyo 80 na 443 zitakugomea. Kuanzia 1024 hadi 65535 ni ruksa. Hakikisha hakuna aliyekutangulia:

`ss -ltn | grep 8080`

Isipoleta kitu, chukua.

2. Onja kwa Python. Ingia kwenye folda yenye kurasa zako, kisha:

`python3 -m http.server 8080 --bind 127.0.0.1`

3. Ivute hadi kwenye laptop yako.

`ssh -L 8080:localhost:8080 jina@seva`

Fungua `http://localhost:8080` kwenye kivinjari.

Sasa hapa tutulie kidogo. 127.0.0.1 inazuia walio nje ya mashine tu. Mwenye akaunti humo humo akiandika `curl localhost:8080` anasoma kurasa zako zote, hata folda ukiifunga kwa `chmod 700` (wewe peke yako ndiye unaingia), maana anayefungua faili ni seva, na seva inatembea kwa jina lako. Ni kama nyumba ya kupanga: geti halikukingi na mpangaji mwenzio.

4. Dawa ni soketi ya Unix, yaani faili ambalo seva inasikilizia badala ya poti. Pakua kodi (source code) ya nginx, programu ya seva ya wavuti, uijenge kwenye folda yako ya nyumbani:

`./configure --prefix=$HOME/nginx && make && make install`

`mkdir -m 700 $HOME/soketi`

Kwenye `nginx/conf/nginx.conf`, badala ya `listen 80;` weka:

`listen unix:/home/jina/soketi/web.sock;`

Andika njia kamili, `$HOME` haieleweki hapo. Usiiguse ruhusa ya folda hiyo: nginx huiacha soketi wazi kwa kila mtu, kinachokulinda ni ile 700. Washa kwa `~/nginx/sbin/nginx`, kisha toka laptop:

`ssh -L 8080:/home/jina/soketi/web.sock jina@seva`

Inahitaji OpenSSH 6.7 (ya 2014) kwenda mbele, pande zote mbili.

Maswali

*Mkuu, umeme ukikatika seva ikazima, nafanyaje?*
Weka mstari huu kwa `crontab -e` (orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe):

`@reboot rm -f $HOME/soketi/web.sock; $HOME/nginx/sbin/nginx`

Hiyo `rm` usiisahau. Mashine ikizimika ghafla soketi ya zamani hubaki, na nginx itakataa kuwaka ikidai anwani inatumika.

*Nina mteja Kariakoo, nataka aione tovuti kwenye simu yake.*
Hapo utamhitaji admini: akufungulie fayawoli, au aelekeze njia moja ya seva yake kuu kwenye poti yako. Kuchimba handaki la kuikwepa fayawoli ya ofisi ni kujitafutia barua ya onyo. Kama ni biashara, panga VPS yako (seva ya kukodi mtandaoni).

*Kaka, `configure` inalalamika PCRE haipo.*
Hiyo ni maktaba ambayo nginx inaitafuta. Ongeza `--without-http_rewrite_module`. Ikihamia kwenye zlib, maktaba nyingine, ongeza na `--without-http_gzip_module`. Kwa kurasa za kawaida hutaona tofauti.