Somo: Siku ngapi zinatosha kukiamini kihisi cha nyumbani?

Majaribio ya dawa za dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kwa kawaida humpima mgonjwa kliniki mara moja kila miezi kadhaa. Siku hiyo pengine hakulala au goti linamuuma, na alama zinashuka. ORCATECH, kituo cha utafiti kilichopo Portland, Marekani, kikaamua kupeleka vipimo nyumbani: vihisi (vifaa vinavyotambua na kurekodi vyenyewe) vya mwendo, vya milango, mizani, visanduku vya vidonge. Data zikamiminika. Zinaaminika?

Hatua ya 1. Chagua kipimo kimoja. Hapa tutumie kasi ya kutembea: vihisi vinapangwa mstari kwenye dari ya korido, umbali unajulikana, muda unasomwa.

Hatua ya 2. Chukua wiki mbili tatu tu. Ukichukua mwaka, utachanganya kuyumba kwa kipimo na ugonjwa unaoendelea.

Hatua ya 3. Katika tofauti zote ulizopata, ni sehemu gani inatokana na watu kutofautiana wao kwa wao, wala si mtu yuleyule kubadilika leo na kesho? Sehemu hiyo ndiyo mgawo wa uthabiti, 0 hadi 1. Chini ya 0.5 ni dhaifu, kuanzia 0.75 ni mzuri.

Hatua ya 4. Siku moja ikikupa 0.3, usiitupe. Kwa kanuni ya Spearman na Brown, inayokadiria uthabiti ukiunganisha siku kadhaa, mgawo wa wastani wa siku 7 ni (7 × 0.3) ÷ (1 + 6 × 0.3), yaani 0.75. Siku 14 zinafika 0.86. (Kanuni hii hukadiria juu kidogo: jana na leo hufanana, kwa hiyo ongeza siku.)

Hatua ya 5. Betri ikiisha, acha pengo. Ukijaza sifuri umemlaza mgonjwa kitandani siku nzima.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mzee akiishi na mkewe, kihisi kinamjuaje?
Hakimjui. Kinaona joto linalosogea, basi. Mvalishe saa, au tumia mkeka wa chini ya godoro upande wake.

Nikipata 0.9 nimemaliza?
Bado. Mizani inayozidisha kilo 2 kila siku ni thabiti sana, na ni mwongo.

Wastani si unafuta kuyumba? Mama yangu siku hizi anatembea vizuri leo, kesho anajikokota.
Umegusa penyewe, dada. Watafiti wa Portland waliona kuyumba huko kwenyewe kunaendana na dalili za mwanzo. Kufanye kipimo cha pili, urudie hatua ya 2. Ila kitakula siku nyingi kuliko wastani.