Kabla hujanunua tochi ya kulala porini

Mtu anayejiandaa kwenda kupiga kambi hukagua hema mshono kwa mshono, godoro akalilalia dukani, lakini tochi akainunua njiani. Muuzaji anaiwasha mchana kweupe, anakumulika usoni, unapepesa macho, unatoa hela. Ukali ule uliokutoa machozi ni jambo la mwisho kuuliza. La kwanza ni itawaka kwa muda wa saa ngapi.

Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni wa takriban saa 12, Januari mpaka Desemba. Seronera, katikati ya Serengeti, giza linaingia kwenye saa 1 jioni na haliondoki mpaka saa 12 na nusu asubuhi. Kupika, kula, kuosha vyombo, kwenda chooni, kisha kuamka alfajiri kabla ya kwenda kutazama wanyama: saa 4 au 5 za mwanga kila usiku, hata kwa mtu anayelala mapema. Ukilala siku 3 ni saa 12 hadi 15. Anza na hesabu hiyo, ndipo usome boksi.

Na boksi lisome kwa mashaka. Kwa kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi, saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "saa 40" inaweza kuwa saa chache za mwanga mzuri, zilizobaki ni za kupapasa. Umbali nao huhesabiwa mpaka pale mwanga unapolingana na wa mbalamwezi. Mita 200 za kwenye boksi maana yake huko mwisho utaona kuna kitu, ila hutajua ni nyati au kichaka. Kwa shughuli za kambini lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20 hadi 50 zinatosha kabisa. 300 zinatosha kumulika mbali kwa muda mfupi. Tochi isiyoweza kupunguzwa mwanga iache hapohapo dukani.

Kuhusu tochi ya kichwani sina mjadala, na sababu si kuacha mikono huru tu. Macho ya simba, fisi na hata swala yana tabaka nyuma yake linalorudisha mwanga kule ulikotoka. Ukishika tochi kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni, wewe huuoni. Ikiwa kwenye paji la uso, unarudi machoni mwako. Kambi za umma za Seronera hazina uzio na choo kiko mbali kidogo na mahema. Niliwahi kutoka pale na tochi ya mkononi, nikaona nyasi tupu. Ndugu yangu aliyekuwa nyuma, tochi yake kichwani, akanishika bega: "Usiende." Kulikuwa na jozi mbili za macho. Hatukusubiri kuyatambua. (Vinukta vidogo vinavyometameta chini kwenye majani kama umande mara nyingi ni buibui, hao wapite tu.)

Hata hivyo, ya mkononi ibebe kama akiba, tena umulike nayo miguuni. Kifutu, nyoka ambaye wengine humwita moma, hana desturi ya kukukimbia. Hujilaza palepale njiani na rangi yake ni ya udongo. Simu usiihesabu kuwa tochi. Mwanga wake unaishia hatua chache, na chaji inayoliwa ndiyo ungepigia askari wa hifadhi.

Betri ndipo wengi wanapoibiwa. Zile za kuchaji za ukubwa uitwao 18650 zinauzwa zimeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji zinachobeba, ilhali betri nzuri ya ukubwa huo haizidi sana 3500. Ukiona namba hiyo kubwa, umeshajua. Mimi hupenda tochi inayokula AA, kwa sababu hata duka la kijijini huzikosa mara chache. Ila usizisahau ndani mwaka mzima, zitavuja na kula shaba za ndani ya tochi. Ukipanda Kilimanjaro habari ni nyingine: usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni baridi hunyonya betri za kawaida. Nunua AA za lithiamu, au weka za akiba ndani ya koti zipate joto la mwili.

Maji: alama ya IPX4 inahimili mvua, IPX7 inahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa. Ya kwanza inatosha, labda uwe unavuka mito. Taa nyekundu ni nzuri kwa kusoma ramani bila kuharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, kazi inayoyachukua dakika 20 au zaidi. Ukipotea, mulika mara 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Anayejibu humulika mara 3.

Siku moja kabla ya safari, zima taa za nyumbani. Fumba macho, tafuta swichi ya tochi, kisha badilisha betri ndani ya giza hilohilo. Ukishindwa sebuleni, rudi dukani ukabadilishe. Ukiweza, legeza kifuniko chake au geuza betri moja kabla ya kuitia kwenye begi, isije ikajiwasha na kuwaka njia nzima hadi getini.