Kufanya "Lambo" uani kwa RunX: anza na futi, grenda baadae

Yakhe, kila nikipita na ile gari watoto wanaifukuza wanapiga kelele Lambo! Lambo!, wakubwa nao wanasogea pembeni wanauliza kwa sauti ya chini, "hii umeitoa Dubai?" Hamna Dubai, wala si Lamborghini ya kweli. Ni Toyota RunX moja na nusu ya RunX nyengine, zimekatwa zikaungwa uani kwetu Fuoni, Unguja, chini ya mwembe, miaka mitatu na ushee, kazi baada ya laasiri na siku za Jumapili. Wengi mmeniuliza inafanywaje, basi ntaeleza hapa nimalize.

Kwanza toeni lile wazo kuwa hii ni kazi ya wazungu tu. Kwani zile daladala za mbao tulizokulia nazo ni nini? Lori la Kijapani, chasisi yake na injini yake, seremala wetu akalipigia bodi, abiria wanapandia nyuma. Na boti za faiba si zinafanywa hapa hapa? Basi replika, yani gari ya kuiga, ni hivyo vitu viwili vimekutana, chuma cha Mjapani na ngozi ya boti.

Sasa kuchagua gari ya kukata. Watu wanaangalia sura, wakati sura yote utaitupa. Kinachotazamwa ni urefu wa katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma, na injini ikae wapi. Lamborghini Huracán ile iliyotoka 2014 ina milimita 2620 tairi kwa tairi, RunX ina 2600, sentimita mbili hakuna atakaeziona. Wenzetu Ulaya wanapenda Toyota MR2 manake injini yake tayari iko nyuma ya kiti, na Marekani walizikata sana Pontiac Fiero za 1984 mpaka 1988 kwa sababu hiyo hiyo. Ukibahatika kupata MR-S (MR2 ya mwisho) chukua, ila ujue ina 2450 kwahiyo utairefusha. Mie nilienda na RunX ya 1ZZ, cc 1794, ndo injini ileile waliyofunga kwenye MR-S, na spea zake unapata bila kuagizia mtu.

Kosa la wengi ni kuvisha bodi ya Lambo juu ya gari yenye injini mbele. Haikai! Boneti inakuwa juu kama tumbo la mjamzito, huwezi kuishusha manake injini iko chini yake. Lazima injini irudi nyuma, na kwa gari ya kuvuta mbele hiyo si ngumu kama inavyosikika, injini, giaboksi na shafti zote zimekaa pamoja kwenye krosimemba moja, ile fremu ya chuma inayobeba injini. Unatafuta nusu ya mbele ya RunX nyengine iliyogongwa nyuma, unaichukua krosimemba yake nzima na shokapu zake, unaipachika pale palipokuwa na siti ya nyuma. Tangi la mafuta linakaa baina ya mgongo wako na injini, na weka ukuta wa bati katikati, tafadhali.

Kabla ya kukata hata bati moja nenda kaulize kwa wakaguzi wa magari watakubali nini, ukiwa na mchoro mkononi. Na namba ya chasisi iliyopigwa kwenye ukuta wa mbele usiiguse, usiikate, usiichomelee karibu. Kadi itabaki RunX na wewe ridhika hivyo.

Haya, kukata. RunX ina kimo cha karibu sentimita 147, Huracán ni 116 na nusu, yani paa lazima liondoke na siti zishuke zikae kwenye sakafu kabisa. Hapa ndo nilipoumia. Nilikata paa kwanza kwa pupa, nikasema fremu ntachomelea kesho, asubuhi yake milango haifungi, sakafu imelala katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Wiki mbili za jeki na timazi kuirudisha. Basi chomelea kizimba cha paipu ndani KWANZA, paipu za skwea za 50 kwa 50 unene milimita 3 kwa zile zinazobeba, weka za mshazari zifanye pembetatu, alafu ndo grenda. Kila unapotaka kuchomelea pima kona kwa kona, mshazari wa kulia na wa kushoto ulingane, choma kidogo huku, hamia kule, manake ukichoma mstari mzima mara moja chuma kinajikunja. Toa betri na kontroli boksi. Na fundi wa mageti hata kama geti lake linapendeza mpe kipande cha majaribio ukipige nyundo mbele yake, ikiachia kwenye weldi mshukuru umtafute mwengine.

Injini ikishakaa nyuma kuna vitu vinne havionekani ila ndo vinaua.

Cha kwanza, ile krosimemba ya nyuma bado ina stelingi. Tairodi zake zifunge kwenye mabano ya chuma imara, tairi za nyuma zisiweze kugeuka hata nywele.

Cha pili, kule mbele umetoa shafti, si ndio? Basi usiache habu tupu, kile kichwa cha nje cha shafti na nati yake ndo kinabana bearingi, ukikitoa tairi litafumuka barabarani. Mie kijana mmoja ndo alonambia, nilikuwa nshaisukuma gari mpaka getini. Kata shafti, kichwa cha nje kirudishe na nati ikazwe kama kawaida.

Breki nayo, sasa nyuma una diski kubwa za mbele, ukikanyaga kwenye mvua nyuma inafunga kwanza gari inazunguka kama pia. Weka valvu ya kupunguza presha kwenye laini ya nyuma, kajaribu kwenye uwanja mtupu, punguza mpaka mbele ndo ifunge kwanza. Tena kaliipa za mbele (zile zinazobana diski) hazina hendibreki! Lazima utie kaliipa ndogo za pembeni za waya, na hili watu wanalikumbuka siku ya ukaguzi.

Mwisho maji. Rejeta inabaki mbele, paipu ndefu zinapita chini ya sakafu, na hewa itanasa tu. Tia skrubu ya kutolea hewa sehemu iliyo juu kuliko zote, feni mbili, na usiamini geji mpaka umekaa kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana.

Waya usikate hovyo, bandika utepe na jina kila ploki kabla hujaichomoa, refusha zile za mbele tu. Ukichukua giaboksi ya otomatiki kebo ya gia ni moja, manyuali mbili. Mie otomatiki, mnicheke.

Ngozi sasa, na hapa ndo raha. Nilinunua Huracán ya kuchezea ya 1:18, nikapima kwa rula tairi kwa tairi, milimita 145 na nusu, zidisha mara 18 unapata 2619, basi ile ya kuchezea ni ya kweli (zipo za uongo, pima dukani). Nikachora vipande kila sentimita 20, nikakata plaiwudi, nikazisimamisha juu ya gari moja baada ya moja kama mataruma ya jahazi. Mzee mmoja fundi wa vyombo alikuja akakaa kitako akaangalia kwa jicho moja, akasema "la tatu limelala." Nikapima, limelala milimita sita.

Katikati ya mataruma unajaza fomu, ile kama sponji ngumu, ukachonga. Ile nyeupe inayokuja na matiivii usiipake rezini (gundi ya faiba) moja kwa moja, rezini ya polyester inaila, nimeona bampa zima likizama kama sukari kwenye chai. Tumia fomu ya manjano ya kupuliza, au ile nyeupe uifunike kwanza kwa karatasi na gundi ya mbao ikauke. Bodifila, msasa, msasa, msasa. Ingia usiku na taa ya mkononi, ilaze pembeni ya bodi, kila bonde litajionesha.

Umbo likiwa laini lipake waksi mara tano au sita, kila mara uache ikauke usugue. Boneti yangu ya mwanzo nilipaka mara mbili tu, ikaganda na moldi (kalibu ya faiba inayonakiliwa kwenye umbo, vipande vya gari vinatoka ndani yake), tukaitoa kwa patasi vipande vipande. Kisha jelikoti (tabaka laini la nje) nusu milimita, mati ya faiba nyepesi ya gramu 300, juu yake ya 450 mara mbili, rezini kiasi cha mara mbili na nusu ya uzito wa mati. Hadina, dawa ya kugandisha, kwa joto letu gramu 10 kwa kilo moja ya rezini, mimi napima kwa sirinji ya famasi, na usichanganye zaidi ya kilo moja kwa mpigo. Nilichanganya ndoo ya kilo nne mwezi wa pili saa sita mchana, dakika kumi ndoo ikaanza kutoa moshi, ikayeyuka chini, bi mkubwa akatoka na beseni la maji. Masika acha kabisa, unyevu unaifanya inate siku nzima. Vaa miwani, hadina ikiingia jichoni unaweza kupofuka, na barakoa ya chujio, sio kitambaa.

Kioo cha mbele hutengenezi, kitafute mapema cha gari nyengine kilicholala, uchonge bodi ikifate chenyewe. Vya pembeni policarbonate (plastiki ngumu inayoona) inatosha. Karibu na ekzosi funika faiba kwa karatasi ya kuzuia joto na acha matundu, la sivyo rangi itachubuka wiki ya kwanza. Ndani ya paipu zote mimina mafuta, bahari yetu hii haisamehi chuma.

Beji msibandike za kweli mkataka kuuza. Ferrari ilimshtaki muuza bodi za kuiga Daytona na Testarossa huko Marekani, mahakama ya rufaa 1991 ikaipa ushindi, tena kesi ilikuwa ya umbo lenyewe la gari. Mie nimeandika jina la mtoto.

Na matuta. Pua ya chini ya bampa fanya kipande mbali, kifunge kwa boliti nane, moldi yake usiitupe. Yangu sa hivi ni ya nne, ya tano inakauka juu ya paa la banda la kuku.